Salamu kwa Kamati ya Viwango

Jumatatu, 3 Machi
Bomba limekauka tena Kitengela yote. Nimenunua maji ya mkokoteni, nikarudi kazini. Programu imekwama palepale. Inasoma meseji za wakulima wa vitunguu wa Kimana na za wanunuzi wa huku, kila upande na mtindo wake, kwa hiyo inahitaji vichanganuzi viwili, yaani vijiprogramu vya kusoma meseji na kutenganisha sehemu zake. Zana ya kawaida ya kuvitengeneza huzipa sehemu zao za ndani majina yaleyale. Ukiviweka pamoja vinagongana. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sawa, lakini hawa si mafahali. Ni uzembe wa zamani uliogeuzwa sheria. Nimeiandikia kamati inayotunza kiwango cha zana hiyo: kila kichanganuzi kiwe na majina yake.

Alhamisi, 6 Machi
Wamelifunga pendekezo langu. Sababu: hakuna ombi lililoonekana. Damu inachemka. Ombi lipo, mwishoni, baada ya salamu, shukrani kwa waliotangulia na maelezo ya kazi yetu. Ningeanzaje na watu nisiowajua? Hawakufika hata nusu. Wavivu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwonyesha Sironka, mwenzangu wa kazi, mzaliwa wa Kajiado. Amecheka mpaka nikamkasirikia yeye pia.
"Hii barua iko sawa kabisa," akasema. "Kwetu ukiingia boma ya mtu huanzi na ng'ombe. Lakini hao hawana hiyo muda."

Jumatatu, 10 Machi
Mtu mwingine ametuma jambo lilelile. Mistari michache, hujambo hakuna. Wamemsifu! Wakamwomba maneno kamili ya kuingiza kwenye kiwango. Hana. Mimi ninayo, yamelala ndani ya barua waliyoifunga.

Jumanne, 11 Machi
Nimeandika upya. Ombi juu kabisa, maneno kamili chini yake, basi. Ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi na kufunua sufuria. Nimetuma hivyo hivyo.

Ijumaa, 21 Machi
Wameyakubali maneno yangu, kwa jina langu. Nimefurahi. Hasira bado. Ni yaleyale ya mwanzo, hakuna hata moja lililobadilika.

Jumapili, 23 Machi
Nimempigia mama, Machakos. Alipopokea tu, nikamwambia akija aniletee mbaazi. Kisha akauliza, polepole, "Nani amekufa?"
Hakuna, mama. Nikaanza upya: yeye, magoti yake, kuku, kanisa, mvua. Mbaazi tulizifikia mwishoni.