Mama Yako na Mtani Wake wa Kwemsanga

Ngamiani,
S.L.P. 1187,
Tanga.
9 Juni, 2024.

Mpendwa mpwa wangu Noa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako ilinifikia, marahaba sana. Natumaini wewe, mkeo na watoto mna afya njema huko Norwei, na kwamba baridi imeanza kuwahurumia. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo sasa lina maoni yake kuhusu kila ngazi.

Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Ujumbe wako wa kuuliza ni lini nitamleta mama yako Tanga niliusoma siku ile ile ulipofika. Sikujibu kwa sababu jambo kama hili halijibiwi kwa maneno yaliyokatwakatwa ya simuni, na pia kwa sababu jibu sikuwa nalo. Sasa nimekwenda mwenyewe Kwemsanga, kwenye kambi ile ya shamba la mkonge.

Mji ule usingeutambua. Banda la korona, ile mashine iliyokuwa ikiyaponda majani ya mkonge hadi yakabaki nyuzi, sasa ni nguzo tupu na gurudumu moja la chuma lililowashinda wanunuzi wa vyuma chakavu. Reli za troli zimeng'olewa. Nyingine ni vizingiti vya milango ya watu. Nyaya za kuanikia nyuzi zipo bado, na kina mama huanika nguo hapo. Nilisimama nikiitafuta ile harufu kali ya maji ya mkonge ambayo sote tuliilalamikia. Haipo, na nilisikitika kuikosa.

Mmiliki mpya anataka kupanda michungwa. Si mtu mbaya. Aliwaita wakazi wa kambi akawaeleza kwa adabu kwamba nyumba zitabomolewa baada ya mavuno ya mahindi. Wengi wamekwisha kuhama. Miongoni mwa wachache waliobaki ni mama yako na jirani yake Mzee Lucas, Mnyamwezi aliyefanya kazi ya korona pamoja na marehemu baba yako. Lucas hana mke wala mtoto aliye hai.

Nilimkuta dada yangu amekwisha kufunga vyombo, nikafurahi. Mara Mzee Lucas akaingia na fimbo yake, hata hodi hakupiga.

"Mwalimu, umekuja kumchukua huyu Mngoni mla panya? Paka wako watakufa njaa."

"Nyamaza, mpagazi!" akajibu mama yako. "Babu yako alibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani, shingo ikazama kifuani. Ndiyo maana nawe huna shingo."

"Na babu yako alikuja kutuibia ng'ombe. Rudisha ng'ombe wetu, ndipo uondoke."

Dada yangu alicheka hadi akajifuta macho kwa khanga. Lucas alipotoka, akaanza kufungua vyombo, kimoja kimoja, akivirudisha mahali pake. Nikamwuliza kulikoni.

"Eliudi, huko kwako nitazikwa na watu wema, wote wakinionea huruma. Nani atanitukana?"

Usicheke, Noa. Hukuwepo tulipomzika baba yako. Kibali chako cha safari kilichelewa, na hakuna anayekulaumu. Unajua kwamba sisi Wangoni na Wanyamwezi ni watani, na mtani ndiye azikaye. Lucas alichimba kaburi, kisha akavaa aproni ya kazi ya baba yako, akapita mbele ya waombolezaji akichechemea kama yeye na kufoka kama yeye: "Majani yako wapi? Troli imelala?" Mama yako hakuwa ametia chakula kinywani tangu msiba uingie. Alicheka, kisha akalia sana, kisha akala. Mapadre na mimi tulikuwa tumembembeleza bure.

Nilimwambia kwamba Tanga kuna Wanyamwezi wengi. Akaniuliza kama yupo hata mmoja aliyewahi kumwona mumewe akichechemea.

Basi nikamwendea Lucas, nikamwomba waje wote wawili. Chumba changu cha kusomea kitakuwa chake. Vitabu vitahamia sebuleni, na mkaza mjomba wako Dorkasi amekubali, ingawa amenikumbusha kwamba vumbi la vitabu nitalifuta mwenyewe. Lucas hakutania. Alinyoosha fimbo yake kuelekea kanisani.

"Mwalimu, mke wangu amelala hapa nyuma ya kanisa. Nikiondoka, nani atalipalilia kaburi lake? Niache kwanza nizungumze naye."

Nimemwacha. Naye mama yako ametamka wazi: "Akija, nakuja. Asipokuja, na wabomoe nikiwa ndani." Hilo la pili silikubali, na nimemwambia hivyo. Lakini wala sitamburuta kama mbuzi wa mnada. Kwa hiyo nakuomba, tena nakuagiza, usitume lile gari ulilosema utalikodi limchukue. Mpigie simu, umsikilize, na ukiweza umtukane kidogo; wewe ni mwanawe na si mtani, lakini atajua umejitahidi.

Dorkasi anakusalimu sana, pamoja na binamu yako Timotheo na mkewe. Wabusu wajukuu zangu. Mungu awalinde ugenini, na amzidishie mama yako ulimi mkali na siku za kuutumia.

Lucas akisha kunipa jibu, liwe lolote lile, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Eliudi