Mgonjwa Aliyeninywesha Uji

Gongoni, Jumanne, 1953

Veneranda, shoga yangu, leo nimefumaniwa!

Homa ilinipiga kazini, nikajilaza kitandani kwa Bi Maua, yule mgonjwa ninayemuuguza nyumbani kwake. Mara akaingia Bwana Wenceslaus, mkaguzi wa chama chetu cha wauguzi. Mimi nimelala! Bi Maua, miezi miwili hajasimama, amesimama ananinywesha uji!

"Mgonjwa hapa ni yupi?"

Nimelala, Veneranda! Nanyweshwa uji!

Bi Maua akajibu, "Baba, binti huyu kaniponya. Leo zamu yangu."

Nikadhani nimeokoka. Mkaguzi akatoa kalamu, akaandika: "Mgonjwa amepona. Mshahara wa muuguzi ukome leo."

Bi Maua akashika kiuno. "Yalaa, mgongo wangu! Sogea, Marcelina!" Akapanda kitandani.

Mkaguzi akatutazama tulivyobanana, akayakata kwa kalamu maneno aliyoandika.