Mikono ya Dada

Mwisenge, Musoma
6 Oktoba 2002

Mdogo wangu Renatus,

Salamu za nyumbani zikufikie kabla ya maneno yangu, maana salamu ni njema na maneno yenyewe sina hakika nayo. Sisi huku ni wazima. Kifua cha Mama kimemwachia tangu mvua za kwanza zilipotuliza vumbi. Goti la Baba ni lilelile, analilaumu kama mtu anayelaumu serikali. Mimi naendelea na kibanda changu cha samaki wa kukaanga, na sato wakiadimika nakaanga hata furu, wateja wanakula na kulamba vidole. Hofu yetu ni kwako tu huko Dar es Salaam, hasa baada ya barua yako kufika.

Barua hiyo niliisoma mwenyewe kwanza, kisha nikawasomea wazee, nikiruka pale uliposema hupati usingizi. Mama akajua nimeruka. Akasema ulikuwaga hivyo hivyo tangu mdogo, mtu akikusema vibaya hata chakula hakipiti. Nikamwambia chakula kinapita vizuri, kwenye picha iliyo juu ya kaseti yako mashavu yametoka. Alicheka kidogo, akaenda nyuma ya nyumba, na najua alienda kusali.

Umeniuliza nikuambie kweli kama Musoma wanakuita msaliti. Wanakuita. Afadhali uisikie kwangu kuliko kwa wapita njia.

Mahakama yako iko kwa kinyozi Kwangu. Rafiki yako huyo, mliyeanza naye kughani mkipiga ndoo ya maji badala ya ngoma, sasa ana banda la kunyolea mkabala na kibanda changu, kwa hiyo kila analosema nalisikia huku nikigeuza samaki. Tangu redio zianze kupiga huu wimbo wako mpya wa disko, "Taa Zizimwe", pale hapanyoleki. Mtu anakaa kitini nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, mashine imesimama, na Kwangu anahutubia. Anasema yule Nahodha Rena aliyekuwa sauti ya wanyonge amekufa, aliyebaki anabana pua na kuwaambia wasichana wazungushe viuno. Anasema ulikuwa na ujumbe ukaubadilisha na taa za rangi. Vijana wa Bunda na hata wa Butiama wakija mjini kwa shughuli zao, wanapita kwanza pale kutoa hukumu yao, ndipo waende sokoni.

Wapo wanaokutetea, usidhani huna watu. Mmoja alisema ujumbe haulipi kodi ya chumba, na kwamba siku hizi redio ni za watu binafsi, wanapiga kinachochezeka. Kwangu akamjibu kwamba kila anayejiuza ana sababu ya kodi. Siku hiyo waliniita na mimi, eti dada mtu niseme. Niliwaambia kwamba ninyi mkitaka ujumbe nendeni kanisani, mkitaka samaki njooni hapa, na mkitaka kunyolewa mwacheni kinyozi anyoe. Walicheka. Sikucheka, Renatus, kwa sababu nilikuwa na jibu lingine na nililimeza.

Baba naye ana maoni yake. Wewe unajua tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa na wao kurudishwa nyumbani, redio ndiyo kazi yake. Anasema huu mpya angalau mtu anajua umeanza wapi na umeishia wapi, ila zile za kufokafoka za zamani zilikuwa kama mtu anayegombana na mwenye duka. Mama juzi nilimkuta anaosha vyombo huku anauimba chinichini. Aliponiona, alifanya ishara ya msalaba, akaendelea kuosha.

Na mimi nikuambie la kwangu. Mwezi wa nane tulikwenda Bunda kwenye harusi ya Skolastika, binti wa mama mdogo. Jioni ile waliupiga "Taa Zizimwe" mpaka mpiga muziki akaombwa aupige tena. Nilikuwa nimekaa na mikono yangu ndani ya khanga kama kawaida yangu. Akaja mwanamke mgeni kabisa kwangu, mnene, mchangamfu, mtoto mgongoni, akanitoa mikono yote miwili kwenye khanga, akaniingiza kwenye duara. Nikacheza. Nilicheza mpaka viatu nikavivua. Ni wimbo wa kijinga, mdogo wangu, usinikasirikie. Maneno yake yote yanaenea kwenye kiganja. Lakini nilifurahi kama ambavyo sijafurahi miaka mingi, na nilipokaa nilijiuliza kwa nini. Nitakuambia huyo mwanamke alikuwa nani, ila ngoja kwanza.

Maana lililonifanya nishike kalamu ni lile la mwisho wa barua yako. Umesema unakuja kutumbuiza hapa nyumbani, Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na kwamba ili kuwafunga midomo wanaokusema utaanza na "Mikono ya Dada". Kumbe mmekubaliana na Kwangu. Tayari matangazo yamebandikwa kwenye nguzo hadi stendi: Nahodha Rena arudi kwenye asili, atashusha Mikono ya Dada. Kwangu alinijia mwenyewe kibandani, amefurahi kama mtoto. Alisema ukiuimba huo, dhambi zako zote zimefutwa, watu watakuheshimu tena. Akaniomba siku hiyo nikae mbele, ili ukifika kwenye ubeti wa pili unishushie kipaza sauti na watu wanione.

Nilimfungia samaki wake kwenye gazeti, nikamwambia nitafikiri. Usiku sikulala. Sasa tumekuwa wawili.

Renatus, naomba usiuimbe wimbo ule.

Najua unaposoma hapa umeshangaa. Wimbo ule ndio uliokupa jina. Na mimi sisemi haukufanya kitu. Ulipoanza kusikika, mwaka ule wa tisini na nane, hata diwani alikuja kututazama, sisi wanawake tuliokuwa tunasubiri mapanki nje ya kiwanda cha samaki, vile vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki minofu ikishakatwa ipelekwe Ulaya. Tuliwekewa bomba la maji na kivuli cha mabati. Bomba lile nimelitumia, na nilipokuwa nakinga maji pale nilikuwa nakuombea. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Tena ulichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa naamka kabla ya Mama. Nilikuwa naanika vichwa juani na kufukuza korongo kwa fimbo. Jumapili nilikuwa nakata ndimu nasugua mikono kuondoa shombo mpaka nyufa zinawaka. Yote ulikuwa unayaona, ukayapanga vizuri kwa vina, na mtu wa hapa Mwisenge hakuhitaji kuambiwa dada huyo ni nani. Ila mstari mmoja ulijitungia. Ulisema kanisani, wakati wa kupeana amani, jirani akishika mkono wa dada yako ananusa vidole vyake.

Hilo halikuwa limetokea. Hakuna aliyewahi kuninusa, Renatus. Watu walikuwa wananipa mkono na kuendelea na misa, maana nusu ya kanisa lile lilikuwa linanuka samaki na nusu nyingine mafuta ya taa. Lilianza baada ya wimbo. Kijana mmoja wa kwaya ndiye alianza, alinishika mkono akapeleka vidole puani, akamgeukia mwenzake wakacheka. Nadhani hakuwa na ubaya, alikuwa anaigiza wimbo anaoupenda. Halafu wengine. Halafu watoto njiani wakaniita Ndimu. Kina mama wenye adabu zao wakaanza kunipungia kichwa badala ya mkono. Nikahamia kiti cha nyuma karibu na nguzo, nikawa natoka kabla ya amani na kurudi wakati wa komunyo. Ukatunga kitu kwa ajili ya vina, watu wakakifanya.

Na sasa nikuambie tulilokuficha. Baba na Mama wanajua, na tulikubaliana usijue.

Unamkumbuka Enoka wa Nyamuswa. Wewe hadi leo unanitania kwamba nilimkataa kwa sababu sikutaka kukanyaga mavi ya ng'ombe. Hata kwenye barua hii umenitania. Mimi sikumkataa Enoka. Nilimpenda, na nilishaanza kujifunza namna wanavyotengeneza maziwa ya mgando kwao ili nisije nikaaibika. Mshenga alikuwa ameshakuja mara ya kwanza, akala, akaridhika, na ikapangwa warudi pamba ikishauzwa. Wimbo wako ukatoka katikati hapo. Mama yake Enoka aliusikia kwenye kituo cha kununulia pamba, redio ikiwa kwenye gari la wanunuzi, na watu waliojua habari za posa wakamwambia mkwe wako huyo, anaimbwa. Wao ni watu wa ng'ombe, mdogo wangu. Kwao hata samaki mzima anaangaliwa mara mbili, sembuse mtu anayeokota mifupa yake, na nchi nzima inajua. Mshenga alirudi peke yake. Alizungumza kwa upole sana. Alisema nyumba ile inaheshimu nyumba yetu, lakini inaomba tusiwasubiri. Baba alimsindikiza hadi stendi kana kwamba ameleta habari njema.

Juma lilelile ukaja kutoka Mwanza na kaseti. Unakumbuka? Uliipiga pale sebuleni mpaka betri zikaisha, na mimi nikalia. Ukanikumbatia, ukawaambia wazee kwamba dada ameguswa. Ukaniuliza kama nimeona ulivyoniheshimu. Ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwako, hata ulipofaulu darasa la saba. Nikasema nimeona. Ningeweza kukuambia siku ile, nikashindwa, na kesho yake ikawa vigumu zaidi.

Yule mwanamke aliyeniingiza kwenye duara kule Bunda ndiye mke wa Enoka. Hakunijua. Nilijua yeye ni nani pale Enoka alipokuja kumchukua mtoto, akaniona, akanisalimia kwa mbali, na macho yake yakashuka. Na mimi nilikuwa bado nahema kwa kucheza. Ndipo nilipojua kwa nini wimbo wako wa kijinga umenifurahisha: ndani yake hakuna mtu yeyote. Hakuna anayechekwa njiani kesho yake.

Kwangu anasema umeuza ujumbe wako mwaka huu. Mimi nakaa mkabala naye namsikia kila siku, na jibu ninalolimeza ni kwamba ulishauza zamani, siku ile walipoanza kukuheshimu, na kilichouzwa ni mimi. Sikulaumu. Ulikuwa kijana, na ulinipenda, na bado unanipenda. Lakini nimekaa miaka minne nikingoja wimbo ule usahaulike, na ulikuwa umeshasahaulika. Watoto wanaokuja kununua samaki leo wananiita mama Pelagia. Wananishika mkono wakipokea chenji, wanakimbia zao. Nimerudi kukaa kiti cha katikati kanisani tangu Pasaka. Mama alinishauri niseme nakuomba hili kwa ajili yake na kifua chake. Hapana. Naomba kwa ajili yangu mimi.

Najua ninachokuomba. Ukipanda pale ukaimba "Taa Zizimwe" peke yake, watakuzomea, na Kwangu atakuwa wa kwanza, na kesho yake watasema wamethibitisha. Hiyo itakuuma kwa sababu wewe si mtu wa kuzomewa. Kama huwezi kabisa kupanda bila ujumbe, basi nina mmoja wa kukupa. Katika "Mikono ya Dada" nimesikiliza mara nyingi nikitafuta wewe uko wapi, sikukuona. Dada yupo, mama yupo, korongo wapo. Wewe umesimama pembeni unatazama. Lakini mapanki yale ulikula, Renatus. Ulikuwa unagombania vichwa kwa sababu ya macho, na ulikuwa unanyonya mifupa hadi inalia. Imba hilo. Sema mimi Nahodha nilikula mapanki na nilishiba. Wakunuse wewe vidole. Ukiweza hilo, nitakuja kukaa mbele kabisa na kipaza sauti nitakishika.

Ukiona huwezi, imba za viuno, nitakuja vilevile, na nitavua viatu.

Baba anakusalimu, anasema ukija umletee betri kubwa za redio, zile za huku zinavuja. Mama anasema ule, na usilale na dirisha wazi. Bibi wa Bukima ametuma dagaa, tumekuwekea zako. Kwangu pia anakusalimu, na ni kweli anakupenda, sikio lake tu ndilo halisikii. Hili la Enoka sijamwambia wala sitamwambia. Uamuzi nauacha kwako.

Nakupa mkono, mdogo wangu. Nimetoka kukaanga sasa hivi na ndimu sikukata, kwa hiyo ukifungua karatasi hii ikanuka shombo, ujue ni mimi.

Dada yako,
Pelagia