Maduka Matatu kwa Jina Langu

Dada mshauri, salamu kwako, nisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni mjane wa hapa Faisalabad, Pakistan, nalipwa kwa kushona vifungo vya mashati. Baba alipofariki tulibaki wawili tu, mimi na kaka yangu Haji Tufail, na maduka matatu ya vitambaa, na kabla hata ya arobaini kaka akaniletea karatasi nikatia dole gumba kwamba nimemsamehe fungu langu, maana kwetu dada anayedai urithi amejifungia mwenyewe mlango wa kwao. Baadaye watu wa kodi wakaanza kuwauliza matajiri mali wameipata wapi, kaka akaja na karatasi nyingine, akayaandika maduka yote kwangu, "Dada, ni jina tu, wewe mjane nani atakugusa?" nami nikatia dole tena. Na ndiye mwenyekiti wa wafanyabiashara, kila mwaka wanafunga maduka kupinga kodi, anafoka kwenye kipaza sauti, "Serikali inatukamua sisi, wengine wanakula bure!"

Dada, anayekula bure ni mimi. Nilikuwa napata posho ya wajane, Ramadhani hii nimefutwa, karani akanicheka mbele ya foleni, "Mama, una maduka matatu unafuata unga wa maskini?" Kisha afisa wa kodi akaja nyumbani, akatazama bati langu linalovuja, akauliza, "Kweli maduka ni yako?" Nikajibu nilivyofundishwa: "Ni yangu, nilirithi kwa baba." Tangu hapo nikisali najiona mwongo. Sasa kaka kaingiwa na hofu, anataka Ijumaa nitie dole mara ya tatu, maduka yaende kwa mwanawe. Nikikataa hataleta zile zawadi ambazo kwetu lazima mjomba ampe bibi harusi, kwenye harusi ya binti yangu Shagufta mwezi ujao, na wakwe watauliza hadharani, "Huyu hana mjomba?" Nitie au nisitie?

Mwenye Maduka

*

Mwenye Maduka, pole sana, na umeniudhi sana. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unakipa dole kila kikiomba.

Kaka yako anasema kodi ni dhuluma. Huenda ipo ya dhuluma. Muuza viazi hulipa kodi kila anunuapo kiberiti, na hana dada wa kumfichia. Lakini Haji hakuikwepa tu kodi, alikutwisha wewe, ukailipa kwa unga wako.

Usitie dole. Alhamisi beba karatasi zote uende kwa mawakili wanaosaidia wanawake bure, waeleze kwamba faida ya maduka hayo hujawahi kuionja. Sitakudanganya: posho huenda isirudi, na kaka hatakuja harusini. Mwambie Shagufta leo, asije akayasikia kwa wakwe. Atalia, nawe utalia.

Ama ule uongo unaokutesa. Mmebaki watoto wawili, wa kiume na wa kike, na maduka ni matatu. Yagawe kama Kurani inavyogawa: mawili ya kaka, moja lako, maana msamaha wa kuogopa kufungiwa mlango si msamaha. Ulipomwambia afisa ulirithi kwa baba, theluthi ya maneno yako ilikuwa kweli, na hukujua. Rudi kwake umwambie lako ni hilo moja tu, na kodi yake ulipe mwenyewe.