Sindano za Mke wa Fundi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo mume wangu Huseni anarudi kwa daktari na mimi sijui nitauficha wapi uso. Mimi ndiye ninayewachoma watu sindano hapa mtaani Buyenzi, sikusomea, niliokota kazi hiyo nikifagia zahanati, na tangu vita na vikwazo viadimishe dawa watu wananiamini kuliko hospitali, kwa sababu mimi napatikana hata barabara zikifungwa. Mwaka jana Huseni, ambaye ni fundi wa magari, alianza kuumwa magoti, akapimwa damu, karatasi ikasema CRP iko juu, wa maabara wakatuambia ni alama ya uvimbe mwilini, basi nikajisemea uvimbe naujua, dawa yake diklofenaki, nikamchoma, akapata nafuu siku mbili, akataka tena, nikamchoma tena, miezi minane mshauri, na ile kiu yake na kukojoa kila mara nikasema ni joto la gereji. Sasa miguu imevimba, viatu haviingii, na juzi daktari katuambia sukari iko juu, figo zinavujisha protini, na CRP ile ile haijashuka, akamuuliza, "Unatumia dawa gani?" Huseni akanitazama, akajibu, "Apana, dokta, mi sinywake dawa yoyote. Bibi yangu ananipikiaka chakula tu." Nilitamani ardhi inimeze. Nikisema nitafungwa, na mashemeji watadai nimempa ndugu yao sumu. Vichupa nimevizika nyuma ya choo. Na leo asubuhi goti limemuuma, anataka sindano. Nifanye nini?

Mke wa fundi, Buyenzi

*

Mke wa fundi, barua yako nimeitanguliza mbele ya zote, maana Jumatatu haingoji. Weka sindano chini. Leo, si kesho.

Pole nakupa, kwa kuwa ulihudumia watu wakati wenye diploma wamekimbia. Lakini pole haiponyi figo. Nimemuuliza daktari ninayemwamini: hiyo CRP ni moshi tu, dada. Inakuambia kuna kinachoungua, haikuambii ni chumba gani. Kwa mwenye sukari na figo zilizochoka, mara nyingi hupanda hata kama hana goti linalomuuma. Wewe ulikimbilia goti kwa sababu ndilo lililopiga kelele. Na hiyo diklofenaki hutuliza maumivu, ila ikizidi huziumiza figo. Kuuliza si ujinga, ungeuliza mwaka jana!

Unaogopa maneno ya mashemeji? Siku ya matanga watasema zaidi. Daktari si polisi. Asipojua Huseni amechomwa nini, atamtibu akiwa amefumba macho.

Fukua vichupa hivyo, uvifunge kwenye kitambaa, na Jumatatu uviweke mezani kabla hujaulizwa. Mkojo ukipungua au pumzi ikimbana kabla ya hapo, msingoje Jumatatu, nendeni hapo hapo.

Huseni amekufunika mbele ya daktari, na anajua alichokifanya. Usimwache akufunike mpaka kaburini.