Chokaa ya Misa

Donegal, 12 Februari 1944

Kaka Manus,

Salamu tele. Mimi sijambo, Mama hajambo isipokuwa goti, kuku hawajambo ila wamegoma kutaga. Vipi wewe huko ng'ambo ya mpaka na ndege ya Waingereza?

Usijione ni wewe tu askari. Nchi nzima isiyopigana inanitegemea mimi hapa lindoni, na mzee Dinny, na darubini moja, na simu. Bunduki hatuna. Sajini anasema pesa za ulinzi hazijafika huko. Koti nililopewa tungeingia wawili na mbuzi akapata nafasi.

Tumeandika jina la nchi, EIRE, kwa mawe kwenye nyasi za rasi, kila herufi kubwa kuliko nyumba yetu, tukapaka chokaa, ili marubani wa pande zote wajue hapa hapana vita. R ni yangu. Itazame vizuri.

Mama anauliza, katika ndege zinazopita alfajiri, yako ni ipi? Hapati usingizi.

Mdogo wako,
Condy

1 Machi 1944

Mdogo wangu,

Nimefurahi mko wazima. Mimi pia mzima, nanenepa kwa mkate wao.

R yako nimeiona. Imepinda mguu kama Dinny akitoka baa. Lakini siku ya ukungu, jicho likiipata, moyo unatulia: najua nyumbani ni hapo chini.

Mwambie Mama, itakayotikisa mabawa juu ya bomba letu la moshi ndiyo yangu. Nikienda nitatikisa, nikirudi nitatikisa.

Kaka yako,
Manus

16 Aprili 1944

Kaka,

Hatujambo, tukikuombea nawe hivyo hivyo. Chai ya mgao imebaki rangi tu.

Umemharibu Mama. Kila alfajiri yuko uani anapunga kitambaa cha meza, na mpaka urudi hatii kitu mdomoni. Mimi napiga simu kwa sauti ya kiserikali: "Ndege moja, inakwenda magharibi." Mabawa siyataji.

Mvua imelamba chokaa, herufi zimekuwa kijivu. Sajini anasema fungu la chokaa limekwisha, tusubiri bajeti. Basi Mama akanipa ile ya kupaka nyumba, aliyoiwekea zamu yetu ya kusomewa Misa nyumbani, tarehe 25 Mei. Bridie wa jirani akamwambia, "Biddy, Padri atadhani ni zizi."

Mama akasema, "Padri njia anaijua. Mwanangu yuko mawinguni."

Mdogo wako anayenuka chokaa,
Condy

9 Mei 1944

Condy,

Salamu kwenu. EIRE inang'aa kama meno ya bandia. Rubani wetu ameniuliza nani fundi. Nimemwambia ni mjinga mmoja namjua.

Likizo nimepata. Siku ya Misa nitakuwepo. Niazime koti lako la kanisani, maana na sare hii hawanivushi mpaka. Mwambie Mama asinisubiri na njaa.

Kaka yako,
Manus

3 Juni 1944

Kaka Manus,

Salamu. Mama kaniamuru nikuandikie, anasema barua hujibiwa. Ile niliyokutumia baada ya likizo yako kukubaliwa imerudi, haikufunguliwa.

Alfajiri ile, siku chache kabla ya Misa, zilikwenda ndege tatu, yako ikatikisa. Jioni simu ikauliza, "Zimerudi ngapi?" Nikasema mbili. Sauti haikutetemeka, ungeniona ungeringa. Kisha Dinny akaninyang'anya simu.

Mama alikaa uani mpaka umande ukamlowesha. Wenzako wameandika kwamba bahari haikurudisha mtu.

Misa ilisomwa kwenye nyumba ya kijivu. Koti ulilotaka nikuazime nilikuwa nimelipiga pasi, lilikaa kitini, na watu walijaa lakini kiti kile hakuna aliyekigusa. Bridie alideki jikoni kote.

Jana serikali ilileta chokaa, magunia manne. Nikachanganya ndoo nianze na ukuta wa mbele. Mama akatoka.

"Nyumba iache. Kapake mawe."

"Mama, Manus hatapita tena."

"Wengine wanapita."

"Na akiwa Mjerumani?"

"Yeye hana mama?"

Nimepaka herufi zote nne, na ule mguu wa R nimeunyoosha.

Leo imepita moja, sikujua ya nani. Haikutikisa mabawa. Mama aliipungia kitambaa.

Mdogo wako,
Condy