Mtihani Niliotaka Kufeli

Kwa Dada mkubwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na magoti yako hayajambo? Natumaini meno yako yaliyobaki bado yanasalimiana. Mimi ni mzima kuliko unavyoambiwa. Najua binti yangu alikupigia simu akilia kwamba mdogo wako mguu mmoja uko kaburini. Sijui ni mguu upi, maana yote miwili ninayo hapa chini ya cherehani.

Ilikuwa hivi. Sukari na presha, wale wapangaji wangu wasiotaka kuhama, walianza kunikata pumzi kwenye ngazi. Daktari akanipeleka kwa msichana wa mazoezi pale kliniki, niliyembandika jina Filimbi kwa kuwa anayo shingoni na haoni haya kuipuliza. Akasema nitapimwa kwa kutembea. Nikacheka, nikamwambia mtihani huo nilifaulu kabla sijaota magego. Akanibana kidoleni kidude cha kusoma mapigo ya moyo, akanionyesha ukumbi mrefu wenye koni kila mwisho, niende nikirudi mpaka apulize. Dada, nilitoka kama jogoo. Filimbi haijalia, nimeshaegemea ukuta, najifanya nasoma tangazo la kunyonyesha watoto.

Hakunicheka. Alinieleza kwamba dawa peke yake zinachechemea. Mwili wenye sukari unataka kutembezwa kila siku, kwa kiasi chake, halafu atanipima tena aone tumefika wapi. Binti yangu akaapa kwamba atanitembeza yeye mwenyewe kila asubuhi kabla hajaenda kukalia kiti chake cha ukarani.

Hapo ndipo penye utamu. Unajua na yeye ana sukari, ila ukimwambia atembee anasema hana nafasi, na kwamba yake ni sukari ndogo tu, utadhani kuna nyoka mdogo asiyeuma. Mama yake naye alikuwa akisema hivyo hivyo, mpaka tukamzika.

Basi tukaanza. Siku za mwanzo ananihimiza Baba pumzika, Baba usijichoshe, kumbe anayehema ni yeye. Nikawa naketi kwenye kijiukuta cha shule kwa kumsitiri. Taratibu akaanza kunipita. Akaanza kupiga mluzi jikoni. Sketi zake nikazipunguza kiuno, kisha nikazipunguza tena. Daktari ana mashine zake, mimi nina utepe wangu. Hata sukari yake ikaanza kushuka. Alisema ni bahati.

Asubuhi moja akanichoma mkuki: akasema nikifaulu kipimo cha pili kazi yake imekwisha, atalala mpaka jua limchome, na mimi nitembee na kivuli changu.

Sasa sogea karibu nikunong'oneze. Niliamua kufeli. Siku ya kipimo nilitembea kama maiti iliyosahau njia ya makaburini. Nilishika kiuno, nikaguna, nikamwita marehemu mama yetu. Binti yangu machozi yakamlenga, akatoka nje kukupigia simu ile. Filimbi akatazama kidude, akatazama paji langu kavu, akaniambia moyo wangu unapiga kama wa mtu anayesubiri chai. Nikaungama yote. Alicheka mpaka akaketi, kisha akanigombeza kweli kweli: kipimo cha uongo kingewafanya wanibadilishie dawa bila sababu. Nipumzike, nirudie kama mtu mzima.

Nikarudia mbele ya binti yangu, na safari hii sikuugusa ukuta. Aliporukaruka kwa furaha nikamwambia ukweli palepale, benchi zima la wagonjwa likisikia: kwamba nilikuwa nafeli kwa ajili yake, kwamba nimeshazika mmoja na sina nguvu za kuzika wa pili. Nikajua ataniita mzee mwongo, na aliniita. Kisha akavua viatu vya visigino, akanitupia pamoja na mkoba, akamnyooshea Filimbi kidole abanwe kidude. Filimbi akamkataza kutembea peku, kwamba wenye sukari hulinda nyayo kama mboni ya jicho, akamwazima raba zake. Basi nikasimama pale na mkoba wa kike begani, nashangilia kama mpira umeingia golini. Alinishinda vibaya, Dada. Vibaya sana.

Siku iliyofuata akanunua raba za kwake. Na jana nilichelewa kuamka. Nikaenda kumgongea mlango nimkejeli kwa uvivu, nikakuta kitanda kimetandikwa na raba hazipo. Alikuwa ameshaondoka, hakunisubiri. Nimewahi kuachwa na wanawake, lakini hii ndiyo mara ya kwanza nikacheka peke yangu mlangoni.

Nisalimie shemeji, anayejifanya kiziwi ukimtuma dukani, na wajukuu wote, hata wale watundu waliokurithi wewe. Mungu akuweke.

Ni mimi mdogo wako, fundi nguo, leo tena binti katangulia, naacha kalamu hapa nikamfukuzie.